Wiki Moja Catania: Safari za Mchana Kuuzunguka Mlima Etna

Jumamosi

Catania ni mji wa bandari katika pwani ya mashariki ya kisiwa cha Sisilia, na kutoka uwanja wake mkuu, Piazza Duomo, hadi vilele vya Mlima Etna ni takriban kilomita 30 tu ukipima kwa mstari ulionyooka. Umbali huo mfupi ndio uliotufanya mimi na mwenzangu tuuchague kuwa makao yetu kwa wiki ya mwisho ya Septemba, badala ya kuhamahama na mizigo kama wafanyavyo wageni wengi wa Sisilia. Mimi nilikulia Moshi, chini ya Kilimanjaro. Mwenzangu ni mzaliwa wa Goma, chini ya Nyiragongo, na sasa anaishi Ubelgiji. Tulitaka kuujua mlima mmoja kwa pande zake zote, baharini, mabondeni na karibu na kilele, na kila jioni turudi kulala mahali pale pale.

Tulipanga chumba jirani na Via Etnea, barabara ndefu iliyonyooka kutoka Piazza Duomo kuelekea kaskazini, ambayo siku isiyo na mawingu humwonyesha mtembeaji mlima wote mbele yake. Usafiri ni sababu ya pili ya kukaa hapa. Reli ya Messina hadi Siracusa inapita Stesheni Kuu ya Catania, mabasi ya kwenda mlimani na vijijini huanzia karibu na stesheni hiyo hiyo, na mabasi ya mji hufika hadi vijiji vya wavuvi vya kaskazini. Mtu asiye na gari anaweza kunywa kahawa mjini, akatembea juu ya majivu ya volkano mchana, na usiku akala samaki kando ya bandari.

Mchana wa siku hii ya kwanza tuliutumia mjini, nasi hatukuona kuwa ni mchana uliopotea, kwa sababu mji wenyewe ni sehemu ya mlima. Kuta, ngazi na mawe ya barabarani ni meusi, yamechongwa kwa lava iliyoganda. Tembo aliye juu ya chemchemi ya Piazza Duomo, ambaye ni alama ya mji, naye ni wa jiwe la lava. Mwezi Machi 1669 ardhi ilipasuka karibu na Nicolosi, mbali chini ya kilele, na mto wa lava ukateremka majuma kadhaa hadi ukafika kwenye kuta za mji, ukazipita upande wa magharibi na kuingia baharini. Castello Ursino, ngome iliyojengwa na Mfalme Frederick wa Pili katika karne ya 13 ukingoni mwa bahari, leo imo ndani ya mji, mbali na maji, kwa kuwa lava ile iliizunguka na kuisukuma pwani mbele. Miaka 24 baadaye, tarehe 11 Januari 1693, tetemeko la ardhi liliangusha karibu kila kitu kilichosalia, na mji tunaouona sasa, wenye barabara pana na makanisa yaliyorembwa sana, ulijengwa upya katika karne ya 18, sehemu kubwa chini ya mkono wa msanifu Giovanni Battista Vaccarini.

Mwenzangu alisimama muda mrefu kwenye ukuta wa ngome, akiutazama mwamba mweusi ulioachwa wazi chini yake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuingia Ziwa Kivu, na watu wa mji ule walirudi wakajenga tena juu ya mawe yale yale, mara nyingi kwa mawe yale yale. Kwake Catania haikuwa mji wa kigeni hata kidogo.

Jumapili

Siku za Jumapili mabasi ya mbali hupungua, kwa hiyo tulikwenda karibu. Basi la mji namba 534 lilitupeleka Aci Castello, na kutoka hapo tulitembea kwa miguu kando ya bahari hadi Aci Trezza. Ni mwendo mfupi ambao mtu mwenye haraka angeumaliza kabla jua halijawa kali, ila mahali hapa pana mambo mengi ya kutazama.

Ngome ya Wanormani ya Aci Castello imekaa juu ya mwamba mweusi unaochomoza baharini. Ukiteremka hadi chini ya mwamba huo na kuutazama kwa karibu, utaona umeundwa kwa mabonge ya mviringo yaliyobanana kama mito iliyorundikwa ghalani. Mabonge hayo hutokea lava inapomiminika chini ya maji, kwa sababu ngozi yake ya nje hupoa mara moja na kuifunga ile iliyo bado moto ndani. Wataalamu wanaihesabu miamba ya pwani hii kuwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za volkano hii, za takriban miaka 500,000 iliyopita, wakati Etna haukuwa mlima bado bali milipuko katika sakafu ya ghuba. Ndiyo maana nashauri yeyote anayetaka kuujua Etna aanzie hapa, kwenye usawa wa bahari, kabla ya kuupanda.

Mbele ya Aci Trezza kuna miamba mirefu iliyosimama majini, ambayo Wagiriki wa kale waliisimulia kuwa mawe aliyoyarusha jitu la jicho moja, Polyphemus, akimlenga Odysseus aliyekuwa akikimbia kwa jahazi. Kando yake ni kisiwa kidogo cha Lachea, na eneo lote limekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1989. Hifadhi imegawanywa kwa kanda, na kanda inayovizunguka visiwa vyenyewe ndiyo yenye ulinzi mkali zaidi, hivyo ni wajibu wa mgeni kuuliza mipaka kabla ya kuingia majini. Tulikodi mtumbwi wa plastiki wa watu wawili, tukapiga makasia hadi pale tulipoelekezwa, kisha tukaogelea kwa miwani na mrija wa kupumulia. Maji yalikuwa safi kiasi cha kuona nyufa za miamba chini sana, na samaki wadogo wakiingia na kutoka ndani yake. Msomaji wa Lamu au Mafia asitarajie rangi za matumbawe, kwa kuwa uzuri wa bahari hii ni wa mwamba mweusi unaozama wima katika maji ya samawati.

Jumatatu

Basi la kwenda mlimani ni moja tu kwa siku. Huondoka mbele ya Stesheni Kuu asubuhi, baada ya saa mbili, hupumzika Nicolosi na kumaliza safari Rifugio Sapienza, mita 1,910 juu ya bahari. Alasiri basi hilo hilo huwateremsha watu mjini. Atakayelikosa la kurudi hana lingine, na ratiba hiyo ndiyo inayopanga siku nzima. Tulifika stesheni mapema na bado tulikuta mstari.

Njia yenyewe ni somo. Unaanza katika mitaa ya mji, unapita katikati ya bustani na miji midogo iliyoshikana, kisha baada ya Nicolosi nyumba zinakwisha na lava inaanza, mikondo juu ya mikondo. Mkondo mpya ni mweusi na mtupu. Wa zamani kidogo umeota kuvumwani za rangi ya kijivu zilizoshikamana na mawe, na wa zamani zaidi una vichaka vya ginestra, mmea wenye maua ya manjano ambao mizizi yake huvunja mwamba na kuugeuza udongo. Juu ya Nicolosi vimesimama vilima viwili vyekundu, Monti Rossi, vilivyozaliwa na mlipuko ule ule wa 1669 ulioufikia mji.

Sapienza ni mahali pa maduka, mikahawa na magari mengi, na wengi huishia hapo. Karibu na maegesho kuna Crateri Silvestri, mashimo ya mlipuko wa 1892, ambayo mtu hata mwenye watoto wadogo anaweza kuyazunguka kwa miguu. Kutoka hapo magari yanayoning'inia kwenye waya hupandisha watu hadi mita 2,500. Njia hiyo ya waya imeharibiwa na mlima zaidi ya mara moja, na uharibifu wa 2001 ulifuatwa na mwingine mwaka 2002, lakini kila mara imejengwa upya. Wenye nguvu na muda hupanda kwa miguu kando yake juu ya mchanga mweusi unaoteleza. Sisi tulipanda kwa waya ili tuhifadhi nguvu za sehemu ya juu.

Juu ya hapo kwenda bila mwongozaji kunategemea amri za siku hiyo, kwa maana mameya wa miji ya mlimani hubadilisha kikomo cha urefu kulingana na taarifa za kituo cha Catania cha taasisi ya taifa ya jiofizikia na volkano, kinachousikiliza mlima usiku na mchana. Tulijiunga na kundi dogo lililoongozwa na mwanamke wa Nicolosi ambaye baba yake pia alikuwa mwongozaji. Alitupa kofia ngumu, akakagua viatu vya kila mmoja, na kumrudisha kijana mmoja aliyevaa viatu vya turubai. Nilimheshimu kwa hilo. Nimeona Kilimanjaro watu wakiruhusiwa kupanda na mavazi ya mjini, na gharama yake hulipwa na wapagazi wanaowabeba kuwateremsha.

Tulitembea hadi Crateri Barbagallo, kwenye mita 2,900 hivi, yaliyofunguka katika mlipuko wa 2002 na 2003. Upepo ulikuwa wa baridi kali ingawa chini tuliacha watu wakiogelea. Kwenye ukingo wa kreta mwongozaji alifukua changarawe kwa mkono na kutuambia tuguse, na tukakuta ardhi ina joto. Mbele yetu kilele kilikuwa kikitoa moshi mweupe mfululizo. Etna una kreta nne za kileleni, na moja yake, Bocca Nuova, ilifunguka mwaka 1968 tu, kwa hiyo wapo wazee wa Catania waliouona mlima ukiwa na umbo jingine. Urefu wake wenyewe haukai, kwa kuwa umepita mita 3,300, lakini kila msimu wa milipuko huongeza au kubomoa kitu.

Hapo ndipo mwenzangu alipouliza swali lililokuwa likimsumbua tangu Jumamosi: kwa nini watu wa hapa humzungumzia Etna kwa upole, wengine wakimwita mama, ilhali Nyiragongo hutajwa kwa hofu? Jibu la mwongozaji lilikuwa la kisayansi, nami nililiona la haki. Lava ya Nyiragongo ina kidogo sana silika, yaani madini yanayoifanya lava kuwa nzito, kwa hiyo ni nyepesi na hukimbia. Mwaka 1977 iliteremka kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa saa na kuwakuta watu vijijini. Lava ya Etna ni nzito zaidi, na kwa kawaida hutambaa polepole kiasi kwamba familia hupata nafasi ya kutoa vitu vyao na hata kung'oa milango kabla nyumba haijafunikwa. Inaua mashamba na nyumba zaidi kuliko watu. Kwa sababu ya mwendo huo wa polepole watu wamethubutu kuigeuza njia: mwaka 1669 wanaume wa Catania, wakiongozwa na Diego Pappalardo, walijifunika ngozi zilizoloweshwa na kuupasua ukingo wa mkondo kwa vyuma, hadi watu wa Paternò wakaja kuwazuia wakihofia utageukia kwao, na mwaka 1992 wahandisi, kwa maboma ya udongo na baruti, waliunusuru mji wa Zafferana. Tulisikiliza huku upepo ukitupiga, na hakuna aliyetaka kuondoka.

Kabla ya kuteremka tulipelekwa kwenye ukingo wa Valle del Bove, bonde kubwa lililochimbika upande wa mashariki wa mlima, lenye kuta zinazofikia mita 1,000 mahali pengine. Chini yake mikondo ya miaka tofauti imelala mmoja juu ya mwingine, na mbali kabisa bahari ya Ionia inang'aa. Nimeliona shimo la Kibo na nimesimama kwenye ukingo wa Ngorongoro, lakini sijapata kuona mahali pengine ambapo kazi ya mlima na bahari inayoipokea huonekana kwa kutazama mara moja. Kuteremka kwenye majivu kulikuwa kwepesi, kwa visigino, na tulifika Sapienza tukiwa na muda wa kunywa chai kabla ya basi.

Jumanne

Tulipumzika. Asubuhi tulikwenda La Pescheria, soko la samaki lililo nyuma ya Piazza Duomo, ambako jodari hukatwa mbele ya mnunuzi na wauzaji huita kwa sauti kubwa hadi kusemezana kunakuwa kazi. Tulinunua mikate, jibini na zabibu za safari ya kesho. Alasiri tuliogelea San Giovanni Li Cuti, ufuko mdogo wa kokoto nyeusi ndani ya mji.

Jumatano

Reli ya Circumetnea ndiyo sababu ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ya kuichagua Catania. Ni reli nyembamba iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 ili kuviunganisha vijiji vilivyouzunguka mlima, na yenye urefu wa takriban kilomita 110 kutoka Catania hadi Riposto, ikipita nyuma kabisa ya Etna. Jumapili haifanyi kazi. Siku tuliyosafiri, kipande cha kwanza kilifanywa kwa basi kwa sababu njia ya zamani inageuzwa kuwa ya metro, na treni yenyewe, ya behewa chache, tuliipandia Paternò.

Chini kabisa ni michungwa. Waarabu walioanza kuiteka Sisilia mwaka 827 ndio walioleta malimau na machungwa makali pamoja na ufundi wa mifereji, na hadi leo mashamba ya uwanda huu yanamwagiliwa. Nililitazama hilo kwa hisia ya ujamaa, kwa kuwa katika kisiwa hiki hiki, katika jumba la Mfalme Roger wa Pili huko Palermo, ndiko mwanajiografia al-Idrisi alikomaliza kazi yake mwaka 1154, na ndani yake aliitaja Malindi.

Baada ya Adrano treni huanza kupanda, na mashamba yanabadilika kuwa mawe. Bronte iko kwenye lava tupu, na juu ya lava hiyo imeota mipistachio, miti mifupi iliyopinda ambayo mizizi yake huingia kwenye nyufa ambako jembe haliwezi kufika. Huvunwa kila baada ya miaka miwili, katika miaka isiyogawanyika kwa mbili. Mwaka wa kati wakulima huondoa machipukizi ili mti upumzike. Tulikuta mavuno. Familia nzima, kuanzia bibi hadi wajukuu, zilikuwa zimefunga turubai shingoni au kuzitandaza juu ya mawe, zikichuma kwa mkono punje kwa punje, kwani ardhi hairuhusu mashine yoyote. Mzee mmoja alituonyesha jinsi ya kulichuma chana bila kulivunja tawi, akatuacha tufanye kazi pamoja nao kwa muda, kisha akatujaza mifuko. Tukamshukuru, naye akasema kwamba shukrani ziende kwa mlima. Karibu na mji huu, mwaka 1843, mkondo wa lava ulikutana na maji yaliyotuama na kulipuka, ukawaua makumi ya watu waliokuwa wamekuja kuutazama au kuokoa mali zao. Upole wa Etna una mipaka, na Bronte wanalijua hilo.

Kituo cha mwisho chetu kilikuwa Randazzo, mji wa kale ulio karibu zaidi na kreta kuliko mingine mikubwa, wenye makanisa ya jiwe jeusi na vichochoro vya matao. Mwezi Machi 1981 lava ilipita kando tu ya mji, ikakata barabara na reli hii hii, na kuufikia Mto Alcantara bondeni. Tulitembea kutoka mjini hadi kwenye mkondo huo, tukaukuta bado mkali na mweusi, na katikati yake vichaka vichache vikianza kushika. Upande huu wa kaskazini mlima una misitu ya misonobari na mashamba ya mizabibu yenye kuta za mawe makavu, na ukiutazama kutoka hapa huwezi kuamini kuwa ni ule ule wa Jumatatu.

Alhamisi

Mto tuliouona kwa mbali Randazzo tuliufuata kwa upande wa bahari. Treni ya asubuhi ilituchukua hadi stesheni ya Taormina-Giardini, na basi likatupandisha hadi Gole dell'Alcantara, mahali ambapo maji yamekata korongo jembamba ndani ya lava ya kale. Kuta zinapita mita 20, na zimeundwa kwa nguzo za basalti zenye pembe tano au sita, nyingine zikisimama wima, nyingine zikilala, nyingine zimepinda kama feni iliyofunguliwa. Lava nene inapopoa polepole hunywea, na kunywea huko huipasua kwa mpangilio. Nguzo hupinda pale ambapo ubaridi uliingia kutoka pande mbalimbali.

Maji ni ya baridi kupita kiasi hata mwezi wa joto. Tulikodi mavazi ya mpira na kofia, tukaingia na kiongozi wa mto, tukipanda dhidi ya mkondo kwa kushikana mikono, kisha tukarudi tumelala chali tukiachia maji yatubebe kati ya kuta. Mahali fulani anga inakuwa mstari mwembamba tu. Kwa kuwa wakati wa kiangazi watu hujaa kwenye ufuko mdogo ulio mdomoni mwa korongo, ushauri wangu ni kuja Septemba, asubuhi, na kupanda mto mara moja badala ya kukaa pale penye umati.

Taormina iko juu ya stesheni, na ni mji mzuri, lakini hatukupanda huko. Siku ilikuwa ya mto.

Ijumaa

Nitasema wazi kwamba makao ya Catania yana kikomo chake, nasi tulikifikia leo. Pantalica, korongo la mawe ya chokaa kusini mwa mlima, haifikiki vizuri bila gari, kwa hiyo tulishirikiana na wanandoa wa Uholanzi tuliokuwa nao nyumba moja tukakodi gari hadi karibu na Ferla. Mahali hapa pana takriban makaburi 5,000 yaliyochongwa kwenye majabali, mengi yakiwa ya kati ya karne ya 13 na ya 7 kabla ya Kristo, na tangu mwaka 2005 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Siracusa. Kutoka ukingo wa juu yanaonekana kama madirisha ya mraba yaliyotobolewa katika ukuta mzima wa mlima. Tulishuka hadi Mto Anapo, ambako reli iliyofungwa mwaka 1956 imegeuzwa njia ya watembea kwa miguu, yenye mahandaki mafupi yaliyopozwa na kivuli. Baada ya siku nyingi za mawe meusi, weupe wa chokaa ulituumiza macho.

Tulirudi kupitia Siracusa ili kuona mafunjo yanayoota katika chemchemi ya Arethusa, kwenye kisiwa cha Ortigia. Mwenzangu, aliyezoea kuyaona mafunjo ya nyumbani, aliyasalimu. Kwa yeyote anayetaka hasa Pantalica, hifadhi ya ndege ya Vendicari na pwani ya Noto, ni bora ahamishie makao Siracusa kuliko kupoteza saa nyingi barabarani kila siku.

Jumamosi

Ndege yetu ilikuwa ya jioni, na asubuhi ilitosha kwa matembezi moja. Treni ilitushusha Acireale, tukapanda hadi mjini, na kutoka hapo tukaifuata njia ya Chiazzette, ngazi na mizunguko ya mawe ya lava inayoteremka Timpa, genge la kijani lililo kati ya uwanda wa mji na bahari, hadi kijiji cha wavuvi cha Santa Maria La Scala. Kabla ya barabara za magari, kila kilichovuliwa kilipandishwa kwa njia hii. Genge limekatwa katika tabaka za lava, moja juu ya nyingine, na mipungate na mikaruba imejishikiza kila penye udongo; chini tulikunywa maji ya limau na chumvi na kukaa kwenye gati tukitazama nyavu zikirekebishwa.

Kabla ya kwenda uwanja wa ndege tuliangalia taarifa za siku, jambo ambalo kila mgeni wa Catania anapaswa kulifanya, kwa sababu majivu ya Etna yanapoelekea kusini ndege husimamishwa, na hivyo si busara kupanga safari muhimu ya kuunganisha saa chache baada ya kutoka hapa. Leo anga ilikuwa safi.

Lililobaki ni upande wa kaskazini wa juu: Grotta del Gelo, pango lililoachwa na mlipuko mrefu wa 1614 hadi 1624, ambalo lina barafu ndani yake kwenye urefu wa takriban mita 2,000. Kwenda pangoni na kurudi huchukua siku nzima ya kutembea juu ya lava, na anayelala Catania angeanza akiwa amechelewa, kwa hiyo tumekubaliana kwamba safari hiyo, mwezi Juni theluji ikishayeyuka njiani, tutalala Linguaglossa, mji mdogo wa upande huo, na kuanza kutembea alfajiri.